Nani Anamkondesha Tamima?

Mnaonisoma tangu mwanzo mnanijua, na wewe uliyenifungua leo kwa mara ya kwanza, karibu, sogea, nitakupa kwa ufupi. Mie ni Tamima, fundi wa nguo za harusi, Kiponda, Mji Mkongwe. Nna sukari ya miaka mingi, nna kidonda cha kisigino kilichokataa kupona, na nna mume, Haroub, aliyeapa kuwa sindano ya sukari haitoingia nyumbani kwake maadamu yu hai. Mara ya mwisho niliwaacha nikitoka kwa daktari kule Mbweni, na sindano hiyohiyo nimeificha mkobani, chini ya vipande vya bitana.

Kwa nini aliapa? Alikuwa na dada yake, Asila, naye ana sukari. Asila alianza kudungwa wiki moja, wiki ya pili tukamzika. Tangu hapo, katika nyumba ile ukitaja sindano ya sukari umetaja sanda.

Na mimi ndiye mke wa nyumba ile.

Daktari Yusra hakunizungusha. Aliniambia vidonge peke yake vimeshindwa. Uzito unaipandisha sukari, sukari inakizuia kidonda kisifunge, na kidonda kikiendelea vile, atakayenishughulikia mbele hatotibu tena, atakata. Nikamuuliza atakata nini. Akautazama mguu wangu. Nikaelewa.

Akanieleza kuwa dawa hii siyo ile aliyodungwa marehemu Asila. Hii ni ya mara moja kwa wiki, imo ndani ya kitu mfano wa kalamu, na mwenyewe unajichoma, tumboni au pajani. Inaiteremsha sukari, inakukata hamu ya kula, na uzito unashuka kidogo kidogo. Akanionya kuhusu kichefuchefu. Akanikataza kuzidisha kipimo na kumgaia mtu. Akasema nisiiache kwenye joto wala nisiigandishe, mahali pake ni ndani ya friji. La mwisho, akaniambia nikamwambie mume wangu.

Yote niliyafuata, isipokuwa hilo la mwisho.

Basi nikachagua Ijumaa iwe siku yangu, maana Ijumaa adhuhuri wanaume wote wako msikitini na nyumba inapumua. Lakini friji? Friji ya nyumba yetu ni ya mama mkwe wangu, Bi Salhiya, na Bi Salhiya anaijua kila ndimu iliyomo. Ukihamisha chupa ya maji atakuuliza ilikukosea nini.

Nikavuka uchochoro nikaenda kwa Nassra.

Nassra ni shoga yangu tangu chuo cha Kurani, tulipokuwa tukichapwa pamoja kwa kushindwa kuhitimu juzuu. Ni mjane. Anapika mikate ya kumimina na kuiuza mlangoni kwake, na nusu ya Kiponda hainywi chai ya jioni bila ya mkate wake. Nilimweleza yote. Hakuuliza mara mbili. Akaondoa bakuli la tui kwenye friji yake, akaiweka kalamu yangu pale, akafunga mlango.

Ijumaa ile ya kwanza niliishika kalamu nikaiweka chini mara tatu, mpaka nikajicheka. Mimi nimeshika sindano tangu msichana. Nimeshajidunga vidole kwa sindano ya cherehani nikaendelea kushona. Nikasoma Bismillahi, nikabana nyama ya tumbo, nikabonyeza. Basi, kumbe ndiyo hiyo. Mbu wa Kiponda wanauma zaidi.

Nikarudi nyumbani nikijiona mjanja, mjanja hasa. Ngojeni sasa.

Ijumaa kwetu ni biriani. Bi Salhiya hupika kwa mkono wake, na kukataa sahani ya Bi Salhiya ni kumtukana na waliomzaa. Ijumaa ile nilikula matonge matatu, tumbo likasema basi. Ijumaa ya pili nilinusa ile hiliki tu, nikakimbilia chooni. Nikatapika mpaka machozi yakanitoka.

Nilipotoka, nikamkuta Bi Salhiya amesimama mlangoni ananitazama tumboni. Alitabasamu tu.

Kufika magharibi, nyumba nzima ilishajua kuwa nna mimba.

Mimi, kwa umri huu, na watoto wangu wako Maskati wameshanipa wajukuu. Nikakanusha. Wakasema mimba za ukubwani ndivyo zilivyo, mwenye nayo huwa wa mwisho kukubali. Haroub akatoka Darajani, kule kwenye duka lake la vyuma, kaniletea maembe mabichi na chumvi ya pilipili. Ananitazama kwa huruma, ananiuliza kama mgongo unaniuma. Miaka mingi Haroub hajaniuliza habari ya mgongo wangu. Nikala embe lake, nikaona haya.

Hapo ningeweza kusema. Ulimi ulikuja mpaka kwenye meno. Lakini kidonda kilikuwa kimeanza kukauka pembeni, mara ya kwanza tangu mwaka jana, na nikajiambia, Tamima, subiri kwanza kifunge, halafu useme la kusema.

Mimba, ndugu zangu, haikondeshi.

Mwezi ukaisha, na badala ya tumbo kuchomoza, likaanza kurudi ndani. Mikono ya nguo ikalegea. Nikajipunguzia magauni mawili kwa cherehani yangu mwenyewe. Shingo ikatokeza. Nilipokwenda kliniki, Daktari Yusra akapima, akasema sukari imeteremka vizuri, akanipandishia kipimo kama alivyopanga. Nikashuka ngazi zile bila ya kushikilia ukuta. Nilikuwa na furaha, nasema wazi, nilikuwa na furaha ya kutaka kupiga kigelegele njiani.

Lakini kwetu mke akinenepa sifa ni za mume, na akikonda aibu ni ya mume. Haroub alianza kuulizwa barazani kama nyumbani kuna njaa. Mara ya kwanza alicheka nao. Ya pili akanyanyuka akaondoka. Halafu lile la mimba likafa, likazaliwa jengine. Mwanamke mmoja aliyeniletea kitambaa cha kushona harusi akaja akakichukua, akaniambia kwa sauti ya msibani kuwa siku hizi vipo vidonge vya maradhi yale, watu wanaishi, nisikate tamaa. Nikamwambia maradhi yale sina. Akanishika bega akasema, pole sana.

Haya, hilo nalo nikalimeza. Lililofuata ndilo halikumezeka.

Bi Salhiya si mjinga, na ubaya wote ulikuwa hapo. Angekuwa mjinga angeishia kwenye uvumi wa barabarani. Yeye alikaa akapiga hesabu. Tamima anakula vizuri Jumatano, anakula Alkhamisi. Ijumaa adhuhuri anavuka kwenda kwa Nassra. Anarudi, na chakula hakitaki, siku nne nzima anakula kama ndege. Kila Ijumaa vilevile. Basi Tamima analishwa nini kule?

Na Nassra ni mjane. Na Nassra bado kajaa, mashallah, hajapungua hata ratili. Na Haroub hupita mlangoni kwake kila jioni kununua mkate.

Mmeona ilivyokaa vizuri? Hata mimi kama si mimi, ningeamini.

Maneno yakaingia uchochoroni kwetu. Hakuna aliyemshitaki Nassra usoni. Watu wakaanza tu kupita upande wa pili wa njia, na uchochoro wetu hauna upande wa pili, kwa hivyo wakawa wanageuza nyuso ukutani. Mikate ikaanza kubaki. Jioni moja nilimkuta amekaa na mikate yake yote juu ya meza, imefunikwa kwa kawa, na wala si siku ya mvua. Mtoto wa jirani alikuja na sahani, mama yake akamwita kwa ukali, akarudi na sahani tupu.

Moyo ukaniuma. Nikamwambia Nassra nakwenda kusema leo hii, wajue wote.

"Ukisema leo watakunyang'anya," akaniambia. "Mguu ukikatwa, Tamima, haurudi. Mikate nitapika mingine."

Nikalia pale jikoni kwake kama mtoto. Yeye hakulia. Akanikatia kipande cha mkate, akakumbuka, akakila mwenyewe.

Sasa fikeni nami Alkhamisi ya wiki iliyopita. Nimekaa kwenye cherehani, Bi Salhiya kaingia na buibui lake begani, katoka zake kwa Maalim Matar, msomaji wa mtaa wetu. Akaniambia nisihuzunike tena, dawa imepatikana. Kesho baada ya sala ya alasiri itasomwa halbadiri hapa hapa nyumbani.

Nikaacha kushona.

Kwa asiyejua: halbadiri ni kisomo kizito. Huitwa majina ya watu wa Badri, na aliyetenda dhuluma huombewa imrudie. Wapo masheikh wanaoikataza kabisa. Lakini uliza mtu yeyote wa Unguja, atakupa jina la mwizi aliyevimba tumbo au shahidi wa uongo aliyerukwa na akili. Ukiitaja halbadiri kwenye nyumba iliyoibiwa, kitu kilichopotea hukutwa asubuhi mlangoni. Watu wanaiogopa kuliko polisi.

Na hii itasomewa nani? Bi Salhiya hakutaja jina. Alisema itasomewa anayemkondesha Tamima, yeyote yule, popote alipo. Nassra ataitwa aje akae humo humo ndani wakati inasomwa. Akikataa kuja, ameshajisema.

Halafu akaongeza kuwa mimi kesho sitoki, hata kizingiti sitokivuka, mpaka kisomo kimalizike.

Nikabaki peke yangu na ile cherehani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha dawa, na anayeumbuka ni shoga yangu. Nakwambieni kweli, sikuogopa usiku ule. Nilikasirika. Nilimkasirikia Bi Salhiya, nikamkasirikia Haroub na kiapo chake, na zaidi nikajikasirikia mimi kwa kumwacha mjane wa watu abebe mzigo wangu kwa sababu tu yeye ni jasiri na mimi nnapenda amani.

Nikachukua simu nikampigia Nassra. Nikamwambia kesho atakapoitwa, aje. Na aje na kalamu yangu.

Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia kesho ni Ijumaa, na mimi Ijumaa nadungwa.

Alasiri ikafika. Ubani umetiwa, nyumba inanuka mpaka juu darini. Wanaume wako sebuleni na Maalim Matar, mzee mpole wa sauti ndogo, na wanafunzi wake wakubwa. Haroub amekaa kando yake. Sisi wanawake tuko ukumbi wa ndani, pazia katikati. Majirani wote wamekuja, na waliosema hawawezi kuja wamekuja mapema.

Nassra akaingia. Akatoa salamu, ikajibiwa kwa midomo iliyobanwa. Mkeka umejaa, hakuna aliyesogea. Alisimama pale na kikapu chake, mtu mzima, kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikanyanyuka, nikamshika mkono, nikamkalisha pahala pangu, mimi nikakaa sakafuni ubavuni pake. Bi Salhiya akaniangalia vibaya, nikamwangalia vilevile.

Maalim Matar akaanza kwa wasia. Akasema kisomo hiki kikishafunguliwa hakirudishwi. Akasema kinaweza kumgeukia hata aliyekiita ikiwa kimeitwa kwa dhana. Kwa hivyo mwenye la kusema aliseme sasa, atasitiriwa, na mambo yataishia hapa. Halafu akauliza nani mwenye shitaka, na shitaka lenyewe ni lipi.

Bi Salhiya akasogea karibu na pazia. "Tunamtaka anayemkondesha mke wa mwanangu," akasema. "Huyo tu."

Macho yote yakamwendea Nassra. Yeye ameinamisha kichwa, anafungua na kufunga kifundo cha leso yake.

Nikasimama.

"Maalim, usifungue," nikasema. "Anayemkondesha Tamima ni Tamima."

Maalim aliniomba nirudie, nikarudia. Nikatia mkono kwenye kikapu cha Nassra, nikatoa kalamu iliyofungwa ndani ya kitambaa na barafu pembeni, nikaiinua wanawake waione. Nikawaeleza. Nilieleza taratibu kama ninavyowaeleza mabibi harusi vipimo vyao, kuwa hii ni dawa ya sukari, nimepewa na daktari, najichoma mwenyewe kila Ijumaa, na inanikata hamu ya kula kwa sababu ndiyo kazi yake. Nassra amenipa nafasi kwenye friji yake, na kwa hisani hiyo mmeacha kula mkate wake. Sina mimba, sina maradhi yale, sikurogwa. Nikavua kiatu nikanyoosha mguu. Nikawaonesha kisigino. Wote walikijua kidonda kile, wengine walishaniletea mpaka majani ya kukiweka. Kimebaki alama ndogo tu.

Mwanamke mmoja akasema mashallah kabla hajajizuia.

Upande wa pili nikamsikia Haroub anauliza, sauti imekauka, tangu lini. Nikamwambia tangu mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha. Akaniuliza kwa nini sikumwambia, na hapo sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeumizwa, na iliniingia. Nikamjibu kuwa aliapa mbele ya watu, angenijibu nini. Akasema aliapa kwa sababu anajua sindano ile inafanya nini. Alimbeba Asila kwa mikono yake. Sindano imemuua dada yake na sasa mke wake anaificha kwa jirani, naye aje afe.

Ningeweza kunyamaza hapo. Nilishamtoa Nassra, nilishajitoa mimi, ningelia kidogo, wazee wangeingia kati, tungesuluhishwa kwa kahawa na tende. Lakini ningesuluhishwa bila ya kalamu yangu. Hilo nililijua.

"Sindano haikumuua Asila," nikasema. "Asila aliambiwa adungwe mwaka mzima kabla. Mlimwambia asubiri. Mlimpa makombe ya kunywa na mizizi mpaka miguu ikaoza, ndipo mkampeleka. Aliyemuua ni kusubiri, Haroub. Na aliyesema asubiri ni wewe."

Bi Salhiya akakaa chini pale pale alipokuwa. Akaanza kulia bila ya sauti, leso mdomoni. Anajua ni kweli. Sote katika nyumba ile tunajua ni kweli, na kwa miaka hakuna aliyelitamka, kwa kumsitiri Haroub na kwa kumsitiri yeye. Nililitamka mimi, mbele ya Kiponda nzima. Sikutamka kwa kumchukia. Nilitamka kwa sababu mguu ni wangu.

Haroub akasimama, nikakiona kivuli chake kwenye pazia.

"Ukijichoma hiyo sindano, Tamima," akasema, "basi huna mume."

Maalim Matar akamwambia haraka, Haroub, chunga ulimi wako. Lakini lishatoka.

Nakwambieni uzito wa neno lile, msije mkadhani ni ugomvi wa kawaida. Haroub ameshaniacha mara mbili katika maisha yetu, na mara mbili amenirejea. Ya kwanza tulikuwa wachanga, ya pili ni ya miaka ya karibuni na tukaicheka baadaye. Hii ikipita ni ya tatu. Ya tatu haina kurejeana kwa kahawa wala kwa wazee. Nikijichoma, naweza kuwa natoka nyumba ile jioni ile ile na cherehani yangu kichwani. Nisipojichoma, leo sijichomi, Ijumaa ijayo sijichomi, sukari inarudi ilikotoka, na kisigino kinafunguka.

Nampenda Haroub. Nalisema hapa wazi, asije mtu akasema Tamima alitafuta sababu. Nampenda kwa mikono yake inayonuka chuma na kwa maembe yake mabichi. Nassra alinishika pindo, akaninong'oneza niiache, wiki moja si kitu, nijadiliane naye kwanza. Na kweli wiki moja si kitu. Lakini haikuwa ya wiki moja ile. Asila naye aliambiwa wiki moja.

Nikakaa, nikawageukia wanawake, nikaligeuzia pazia mgongo. Nikatia sindano mpya kwenye kalamu, nikazungusha kipimo. Nikaingiza mkono ndani ya buibui, nikabana nyama ya tumbo, ambayo sasa naitafuta kidogo kuipata, nikasoma Bismillahi kwa sauti ili na sebuleni wasikie.

Nikabonyeza.

Kalamu ile hulia kidogo dawa ikimaliza kuingia. Mlio wenyewe ni mdogo, lakini siku ile mpaka wanafunzi wa Maalim waliusikia. Nikahesabu kama nilivyofundishwa, nikachomoa, nikaifunika, nikaiweka juu ya mkeka mbele ya Bi Salhiya.

Bi Salhiya aliitazama ile kalamu, akanitazama mimi, akautazama ule mguu wangu usio na kiatu. Halafu mama mkwe wangu, aliyeiita halbadiri kwa mdomo wake, akajikokota mpaka kwenye pazia, akalishika kwa mikono miwili.

"Haroub," akasema, "mwanangu, sema hukukusudia."

Kivuli cha Haroub kikageuka upande wa Maalim. Maalim Matar akafunga kitabu chake. Akasema, kwa ile sauti yake ndogo, kuwa halbadiri leo haisomwi, hakuna wa kusomewa. Limebaki hili. Alilolitamka Haroub si neno la wazi la talaka, ni neno linalosimama kwa nia ya msemaji. Ikiwa alitishia tu, hakuna kilichotokea. Ikiwa alinuia kuacha, imepita, na ni ya tatu, na wawili hawa sasa hivi ni watu baki. Hakuna ajuaye ila Haroub na Mola wake, na ataulizwa mara moja, naye ajibu akijua anajibu nini.

"Haroub," akasema, "ulinuia nini?"

Mbele yangu wanawake wameshika videvu. Nassra amefumba macho. Nikamsikia Haroub anavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema. Ghafla nikaona ajabu ya jambo lile: maisha yangu, mguu wangu, tumbo langu, na nyumba nzima imekaa inamsubiri mtu mmoja aseme nia yake.

"Maalim," nikasema, "ngoja asijibu. Niulize kwanza mimi kama bado namtaka."

Minong'ono ikapanda, ikashuka. Bi Salhiya akaliachia pazia. Halafu nikasikia mkeka wa sebuleni ukikwaruza, Maalim Matar anageuka upande wetu.

Akaniuliza.